Gari limehamia jimbo jingine, karatasi zake bado: usajili wa gari Marekani na mfuatano wake

Ukihamisha gari kutoka Mwanza kwenda Mbeya, au kutoka Mombasa kwenda Kisumu, hakuna anayekuuliza habari za namba. Gari la namba T linatembea Bara nzima na la namba K linatembea Kenya nzima, mpaka siku linapoozea gereji. Anayekaribia kuujua usumbufu wa leo ni Mzanzibari: gari lake la namba Z likitaka kuhamia Dar es Salaam, kwa miaka mingi kumekuwa na mambo ya forodha na usajili wa upya. Marekani ni kama Zanzibar na Bara zilizozaliana mpaka zikafika hamsini.

Na Waswahili wa Marekani wanahama sana. Mtu anapokewa Buffalo, New York, anavumilia baridi miaka kadhaa, kisha binamu anampigia simu kutoka Fort Worth, Texas: kazi zipo, nyumba ni nafuu, theluji ni ya kubahatisha. Mizigo inafungwa, watoto wanapakiwa, gari linakata zaidi ya maili 1,300. Linafika Texas likiwa na namba za New York, hati ya New York na bima ya New York. Hakuna hata moja kati ya hizo inayojihamisha yenyewe.

Nitaitumia safari hiyo ya Buffalo hadi Fort Worth kama mfano, kwa sababu ina karibu kila mtego. Utasikia watu wakilaumu urasimu, na urasimu upo kweli. Lakini hasara kubwa, ile ya faini na leseni kufungiwa, mara nyingi hutokana na kufanya jambo sahihi kwa wakati usio wake: bima imekatwa kabla namba hazijarudishwa, au gari limeandikwa upya jina wiki moja kabla ya kuhama.

Kwanza, kwa nini serikali kuu haikulimaliza hili kwa mfumo mmoja? Magari yalipoingia, majimbo ndiyo yaliyowahi. New York ilianza kudai usajili mwaka 1901, na siku hizo mwenye gari alijitengenezea kibao chake chenye herufi za mwanzo za majina yake. Massachusetts ikawa ya kwanza kutoa vibao vya jimbo, mwaka 1903. Kisha mwaka 1915 Mahakama ya Juu ikaamua kesi ya Hendrick dhidi ya Maryland, iliyomhusu mkazi wa mji mkuu, Washington, D.C., aliyekamatwa akiendesha Maryland bila kufuata taratibu za usajili za huko. Mahakama ikasema kwamba madhali Bunge la taifa halijatunga sheria, jimbo lina haki ya kudai usajili na ada kwa wanaotumia barabara zake. Majimbo siku hizi yanatambuana namba, ndiyo maana unaendesha kutoka Buffalo hadi Texas bila kusimamishwa kwa sababu hiyo. Ila heshima hiyo ni ya msafiri. Ukishakuwa mkazi, imekwisha.

Mkazi ni nani? Watu hudhani ukazi unaanza siku unapopata leseni mpya. Sivyo. Majimbo hutazama mwenendo wako: umeanza kazi, umepanga nyumba, umeandikisha watoto shule ya serikali, au umejiandikisha kupiga kura kwa wale wenye uraia. Florida, kwa mfano, inakupa siku 10 baada ya mambo kama hayo. Kentucky ni siku 15, California 20. Texas, Georgia na Ohio zinatoa 30, Minnesota na Maryland 60, Colorado 90. Arizona na Michigan hazina subira hiyo. Wao wanataka usajili mara tu ukishakuwa mkazi. Wanajeshi walio kazini huruhusiwa kubaki na usajili wa jimbo lao la nyumbani, na wanafunzi waliokuja kusoma tu mara nyingi husamehewa, ingawa kila jimbo lina masharti yake.

Usichanganye muda wa gari na muda wa leseni. Texas inampa mgeni siku 90 za kubadilisha leseni ya udereva, lakini gari ni 30. Anayesema "nina miezi mitatu" anazungumzia leseni.

Vitu vitatu katika gari moja

Mtanzania amezoea kadi ya gari, Mkenya amezoea logibuku. Karatasi moja inasema gari ni la nani na namba yake ni ipi. Marekani imevitenganisha. Kuna hati ya umiliki, inayosema gari ni mali ya nani na nani analidai. Kuna usajili, ambao ni ruhusa ya kutumia barabara kwa muda fulani na unaofanywa upya kwa ada. Wenyewe huonekana kwa pleti na stika. Na kuna bima, ambayo kampuni huiandika kwa jimbo maalumu. Kuhama ni kuvihamisha vyote vitatu, na kila kimoja kinakitegemea kingine: usajili mpya hautolewi bila bima ya huko, na bima ya zamani haifutwi bila kuua usajili wa zamani.

Hata ofisi si moja. Kila mtu husema "nenda DMV", yaani idara ya magari ya jimbo, lakini Texas gari linasajiliwa kwenye ofisi ya mkusanya kodi wa kaunti, na kaunti ziko 254. Anayekwenda na karatasi za gari kwa watu wa DPS, wanaotoa leseni za udereva, atarudishwa mlangoni. Ohio unapata hati kwa karani wa mahakama wa kaunti, halafu pleti kwenye ofisi nyingine. Kentucky ni karani wa kaunti, na gari la kutoka nje ya jimbo lazima kwanza likakaguliwe na ofisi ya sherifu. Illinois na Michigan kazi hii iko kwa katibu wa jimbo, na Missouri iko idara ya mapato. Kabla ya kuomba ruhusa kazini, hakikisha unajua mlango.

Bima ndiyo inayotangulia

Familia yetu imefika Fort Worth. Jambo la kwanza ni kupiga simu kwa kampuni ya bima na kuomba bima ya Texas, hata kama kampuni ni ileile. New York ni jimbo ambalo bima yako mwenyewe hulipa matibabu yako na ya abiria wako bila kujali nani kakosa, hadi dola 50,000. Texas haina mpango huo. Huko aliyekosa ndiye anayelipa, na sheria inakutaka uwe na angalau dola 30,000 kwa kila mtu unayemuumiza, 60,000 kwa ajali nzima na 25,000 kwa mali unayoharibu. Soma namba hizo tena: zote ni za watu wengine. Kampuni inalazimika kukupa fursa ya kununua kinga ya matibabu yako mwenyewe, na usipoitaka unaikataa kwa maandishi. Wengi huikataa bila kujua, kwa kugonga "sitaki" kwenye simu ili malipo ya mwezi yashuke. Ukiniuliza mimi, mtu asiye na bima nzuri ya afya kazini asiikatae haraka.

Bima ya Texas ikishaanza, ile ya New York iache kwanza iendelee. Inauma kulipia mbili kwa siku chache, lakini sababu yake nitaieleza mbele.

Ukaguzi sasa ni mwepesi zaidi kuliko zamani. Texas iliacha ukaguzi wa usalama kwa magari ya kawaida kuanzia tarehe 1 Januari 2025. Ada yake ya dola 7.50 haikuachwa, ilibadilishwa jina tu na bado utaikuta kwenye hesabu. Kilichobaki ni kipimo cha moshi, katika kaunti za miji mikubwa, Fort Worth ikiwemo, kwa magari ya petroli yenye umri wa miaka 2 hadi 24. California ni kali zaidi: gari likiwa na maili chini ya 7,500 ulipolinunua nje na halikutengenezwa kwa viwango vya moshi vya California, linaweza kukataliwa kabisa, isipokuwa ulikwisha lisajili kwenu kabla ya kuwa mkazi wa huko. Usinunue gari jipya jimbo jingine kwa sababu ya bei wakati umekwisha pata kazi Los Angeles.

Kuna pia chesisi namba. Magari ya tangu mwaka 1981 yana tarakimu na herufi 17, na utaziona kwenye dashibodi upande wa dereva, ukichungulia kupitia kioo cha mbele, na tena kwenye fremu ya mlango wa dereva. Herufi I, O na Q hazitumiki, kwa hiyo kila duara unaloliona ni sifuri. Kaa na hati mkononi usome moja baada ya moja. Likiwa limeandikwa kosa moja kwenye hati, mfumo unaona gari jingine, na kosa la New York husahihishwa New York. Ni afadhali uligundue ukiwa Buffalo.

Ukali wote huo juu ya chesisi una sababu. Baada ya mafuriko ya kimbunga Katrina mwaka 2005, na Harvey mwaka 2017, magari mengi yaliyozama yalisambaa kwenye majimbo mengine. Ujanja wenyewe ni kulihamisha gari lenye hati yenye alama ya kuharibika hadi jimbo ambalo haliiandiki alama hiyo, kisha kulitoa likiwa na hati safi. Hifadhidata ya taifa ya hati za magari, iliyotokana na sheria ya mwaka 1992 dhidi ya wizi wa magari, iliundwa kuziba mwanya huo. Kama gari lako ulilinunua rahisi mno kwa mtu, usishangae karani wa jimbo jipya akikuambia jambo ambalo muuzaji hakukwambia.

Hati na majina yaliyomo

Hapa ndipo Waswahili wengi tunapokwama, na ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Gari la kwanza huku mara nyingi halinunuliwi kwa utulivu. Mtu hajapata leseni, mkopo unahitaji historia, basi binamu anaweka jina lake. Au wanaandikwa wawili. Itazame hati: kati ya majina mawili kuna neno dogo. Katika majimbo mengi, likiwa AND, kila hatua inahitaji saini za wote wawili. Likiwa OR, mmoja anatosha. Tofauti hiyo haikuonekana siku ya kununua. Inaonekana siku mmoja yuko Fort Worth na mwenzake amebaki Buffalo, au amesafiri Bujumbura, au wamegombana.

Kama gari liko kwa jina la binamu peke yake, hali ni nyingine tena. Texas ina kodi maalumu ya mkazi mpya, dola 90 tu, badala ya kodi ya mauzo ya asilimia 6.25. Lakini ni kwa gari lililokuwa limesajiliwa kwa jina lako huko ulikotoka. La binamu halimo. Na zawadi? Texas inaruhusu zawadi ya gari kwa dola 10 baina ya mume na mke, mzazi na mtoto, babu au bibi na mjukuu, na ndugu wa tumbo moja, kwa kiapo kilichosainiwa na pande zote mbili mbele ya mthibitishaji. Binamu hayumo humo pia. Itabaki kulipa asilimia 6.25, na hata mkiandika kwamba ameniuzia kwa dola 1, kodi inaweza kupigwa kwa asilimia 80 ya thamani ya kawaida ya gari la aina hiyo. Kwa hiyo, kama mnajua mnahama, liandikeni gari kwa jina la mwenye gari mapema, lisajiliwe New York kwa jina hilo, ndipo lihame.

Jina lenyewe nalo lifanane na kitambulisho. Wapo ndugu zetu waliokuja na jina moja tu kwenye pasipoti, viza ikaandikwa FNU, yaani "jina la kwanza halijulikani", mahali pa jina la kwanza, na leseni ikafuata, na hati ya gari ikafuata. Kisha mtu anapata uraia, anachukua jina kamili, na sasa hati inasema gari ni la FNU Fulani wakati mbele ya karani amesimama mtu mwingine. Cheti cha uraia au amri ya mahakama inayoonyesha kubadilishwa kwa jina huifunga habari hiyo. Kibebe halisi, si picha kwenye simu.

Jambo dogo lenye madhara makubwa: mgongo wa hati una nafasi za kusaini wakati wa kuuza, pamoja na mahali pa kuandika maili zilizotembea. Usisaini huko kwa sababu tu unahama. Wewe huuzi. Na usifute chochote kwa wino mweupe. Hati iliyofutwa-futwa inaweza kukataliwa, na ya badala itabidi uiagize kutoka jimbo ulilolihama.

Gari lenye mkopo lina mtu wa tatu. Mkopeshaji ndiye mara nyingi anayeishikilia hati, siku hizi ikiwa ya kielektroniki, na haileti kaunteni kwa sababu umehama. Mpigie kabla ya safari. Mikataba mingi inakutaka umjulishe ukihamisha gari, na benki nyingi zina kitengo kizima cha hati. Texas ina njia inayoleta nafuu: unaweza kuomba usajili pekee, upate pleti na stika, huku hati ikibaki ileile ya nje kwa mkopeshaji. Hilo utalitaja kwenye fomu ya 130-U, ndiyo fomu ya kuombea hati na usajili.

Kaunteni utakuwa na fomu hiyo, hati au usajili wa New York, uthibitisho wa bima ya Texas, kitambulisho ambacho muda wake haujaisha, cheti cha kipimo cha moshi, na pesa. Ada ya msingi ya gari dogo ni dola 50.75 kwa mwaka, juu yake ada ya hati ya dola 28 au 33 kutegemea kaunti, ile kodi ya dola 90, na vijiada vya kaunti. Gari la umeme linaongezewa dola 200 kila mwaka.

Kwingine hesabu ni tofauti kabisa. Georgia humtoza mkazi mpya asilimia 3 ya thamani ya gari, kwa hiyo gari la dola 15,000 ni dola 450 mlangoni. North Carolina kodi yake kwa gari ulilokuwa nalo kwingine kwa angalau siku 90 haizidi dola 250. Missouri haikutazami usoni mpaka ulete karatasi ya mthamini wa kaunti inayosema kwamba huna kodi ya mali unayodaiwa, hata kama umeingia jimboni juzi. Virginia nayo hukuacha upite, halafu kaunti inakuletea ankara ya kodi ya mali kwa ajili ya gari, na inakuja tena mwaka unaofuata. Anayelinganisha majimbo kwa kodi ya nyumba peke yake hajamaliza hesabu.

Namba za zamani

Pleti za Texas ni mbili, mbele na nyuma, na stika inabandikwa ndani ya kioo cha mbele upande wa dereva. Aliyetoka Georgia au Kentucky, ambako kibao ni cha nyuma tu, atahitaji kutoboa au kununua kishikizo cha mbele.

Sasa rudi New York. Jimbo lile linafuatilia bima kwa namba. Bima ikikatika na namba bado ziko hai, kwao wewe una gari lisilo na bima, hata kama gari limeegeshwa Texas likiwa na bima kamili ya huko. Wanaweza kusimamisha usajili na leseni yako, au kukutoza dola 8 kwa siku kwa siku 30 za kwanza, kisha 10, kisha 12, kadiri pengo linavyorefuka. Na leseni iliyosimamishwa New York haikai New York, kwani majimbo huulizana, na ofisi ya leseni Texas itaiona utakapoomba yao. Florida nayo inataka namba zirudi kwanza ndipo bima ifutwe, na haijali kwamba umehama.

Kwa hiyo shika bisibisi siku hiyohiyo ya kufunga pleti za Texas. Zile za New York zitie kwenye bahasha imara pamoja na PD-7, fomu ya kurudisha namba, na uzipeleke kwa posta yenye kufuatiliwa. Watakuletea risiti. Risiti ikishafika ndipo uiambie kampuni ya bima ifute ile ya zamani, na uulize kuhusu kurudishiwa pesa za siku ambazo hazikutumika. Badilisha pia namba kwenye akaunti ya barabara za kulipia, maana kamera inasoma kibao, na kibao kisichojulikana kinaletewa bili ya bei ya juu, tena kwa anwani ya Buffalo. Ile risiti ya pleti usiitupe. Barua za kuuliza bima huja hata miezi baadaye, na jibu lake ni nakala ya karatasi hiyo.